Mapitio: Miongozo mitatu ya bure ya kujifunzia tiba ya mzio, na pale inapomwacha tabibu wa kituo kidogo

Anayetaka kujiendeleza katika tiba ya mzio na magonjwa ya kinga ya mwili hakosi pa kwenda siku hizi. Kuna kozi za mtandaoni zinazolipiwa kwa dola, kuna semina za hotelini zinazogharamiwa na kampuni za dawa, na kuna miongozo ya kimataifa inayopakuliwa bure. Hapa tunapitia hiyo ya bure, mitatu: mwongozo wa anafilaksia (mzio wa ghafla unaotishia maisha) wa Resuscitation Council UK, baraza la uhuishaji la Uingereza, wa mwaka 2021, mwongozo wa anafilaksia wa World Allergy Organization (WAO) wa mwaka 2020, na ripoti ya pumu ya Global Initiative for Asthma, maarufu kama GINA. Tumeichagua kwa sababu kozi nyingi za kulipia zinafundisha yaliyomo humu humu, na mwenye simu na bando la kawaida anaweza kuwa nayo leo jioni.

Swali tulilojiuliza kwa kila mmoja ni hili: mtu akishaumaliza, kesho kazini ataweza kufanya nini? Tunazungumzia kituo chenye ampuli za adrenalini, mabomba ya sindano, dripu na inhela ya salbutamoli, lakini hakina kalamu za adrenalini za aina ya EpiPen, zile zenye dozi tayari za kujichoma mwenyewe, hakina kipimo cha IgE (kingamwili ya mzio), wala mtaalamu wa mzio wa kumpigia simu. Kwa swali hilo, sehemu ya dharura ni bora kabisa. Sehemu ya magonjwa sugu ina mapengo, na mengine ni makubwa.

Resuscitation Council UK

Kama utasoma mmoja tu, soma huu. Kiini chake ni mchoro wa ukurasa mmoja unaoweza kuuchapa kwenye karatasi ya A4 na kuubandika juu ya meza ya sindano. Dozi za adrenalini zimepangwa kwa umri. Mtu mzima na mtoto aliyezidi miaka 12 anapata mikrogramu 500, yaani 0.5 ml kutoka kwenye ampuli ya 1 mg kwa 1 ml. Wa miaka 6 hadi 12 anapata 0.3 ml. Wa miezi 6 hadi miaka 6 anapata 0.15 ml, na aliye chini ya miezi 6 anapata 0.1 hadi 0.15 ml. Zote zinachomwa ndani ya msuli, upande wa nje wa paja, katikati. Dakika 5 zikipita bila nafuu, unarudia.

Kwa nini paja, na kwa nini msuli? Katika utafiti wa watoto uliochapishwa mwaka 1998, adrenalini iliyochomwa kwenye msuli wa paja ilifika kileleni katika damu kwa wastani wa dakika 8. Iliyochomwa chini ya ngozi ya mkono ilichukua dakika 34. Mgonjwa ambaye koo linaziba hana dakika 34. Bado kuna wahudumu waliosomea kazi zamani wanaochoma chini ya ngozi ya mkono kwa mazoea, na hili pekee linatosha kuwaketisha wasome upya.

Jambo kubwa zaidi katika toleo la 2021 ni lile lililoondolewa. Toleo la 2008 lilikuwa na klorofenamini, antihistamini ambayo kwetu kila mtu anaiita Piriton, pamoja na steroidi ya haidrokotisoni ndani ya mchoro wa matibabu. Toleo jipya limezitoa zote mbili kwenye hatua za mwanzo. Antihistamini inatuliza kuwashwa na vipele, lakini haifungui njia ya hewa wala haipandishi presha. Ikichomwa haraka kwenye mshipa inaweza hata kuishusha presha zaidi, na usingizi wake unakuvuruga unapotaka kujua kama mgonjwa anapoteza fahamu kwa sababu ya ugonjwa au ya dawa. Haidrokotisoni inachukua saa kadhaa kufanya kazi, na hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba inazuia mzio kurudi mara ya pili. Mwongozo unaiachia nafasi finyu, kwa mfano mgonjwa ambaye pumu yake inaendelea au ambaye mshtuko hauishi hata baada ya kuhuishwa.

Tunalisisitiza hili kwa sababu "hydro na Piriton" ndiyo kauli ya kwanza kutoka mdomoni katika vituo vingi vya Afrika Mashariki, na adrenalini inawekwa akiba kama dawa ya kuogopwa. Madhara yake ni muda kupotea. Muuguzi anatafuta mshipa, anayeyusha haidrokotisoni ya unga kwa maji, anavuta Piriton, na dakika kumi zimekwenda kabla ya dawa pekee inayookoa maisha kuguswa. Adrenalini ya msuli kwa dozi sahihi haina katazo lolote katika anafilaksia, hata kwa mzee mwenye presha au ugonjwa wa moyo.

Hofu hiyo ina chanzo, na inafaa ielezwe. Ajali za adrenalini hutokea zaidi pale ampuli nzima ya 1 mg inaposukumwa kwenye mshipa wa mgonjwa ambaye moyo wake unadunda. Hiyo ni dozi ya mtu ambaye moyo umesimama. Kwa mwenye mapigo, inaweza kuleta mapigo ya hatari, presha ya ghafla na moyo kukosa damu. Maandishi ya uwiano kwenye ampuli, 1:1000 na 1:10,000, yamechangia kuwachanganya watu kiasi kwamba Marekani iliyaondoa kwenye lebo mwaka 2016. Wewe andika na utamke kwa miligramu na mililita tu.

Mwongozo pia unashughulikia mkao, jambo ambalo kozi nyingi zinalipita haraka. Mgonjwa alale chali miguu ikiwa juu. Anayepumua kwa shida anaweza kukaa, mjamzito alale ubavu wa kushoto. Asisimamishwe wala kutembezwa, hata akisema amepata nafuu, kwa kuwa kusimama ghafla wakati damu haijarudi vizuri kwenye moyo kumewahi kuua watu. Kwa vitendo: usimwambie mgonjwa atembee hadi chumba cha sindano, wala asitembezwe hadi kwenye gari la wagonjwa. Machela iende kwake.

Maji ya mshipa ni 500 hadi 1,000 ml kwa mtu mzima na 10 ml kwa kila kilo kwa mtoto, yawe ya chumvi ya 0.9% au Hartmann, si ya glukosi. Ikiwa dozi mbili za msuli hazijasaidia, mwongozo unapeleka kwenye dripu ya adrenalini: 1 mg ndani ya 100 ml ya chumvi, kuanzia 0.5 hadi 1 ml kwa kilo kwa saa, kwa mashine ya kupima mwendo na mgonjwa akifuatiliwa moyo. Kituo kisicho na mashine hiyo kisijaribu kuhesabu matone. Kiendelee na sindano ya msuli kila dakika 5, kiongeze maji, oksijeni, na simu ya rufaa ipigwe.

Sasa mapungufu. La kwanza ni bomba. Mwongozo umeandikwa kwa wodi ambayo bomba la 1 ml halikosekani. Kwetu aghalabu yapo ya 2 ml, 5 ml na 10 ml. Dozi ya mtoto ya 0.15 ml kwenye bomba la 2 ml, ambalo mistari yake inakwenda kwa 0.1, ni ya kukisia, na kwenye la 5 ml haipimiki kabisa. Bomba la insulini si mbadala: limeandikwa kwa yuniti, na sindano yake ni fupi mno, dawa inaishia kwenye mafuta. Agizeni mabomba ya 1 ml na sindano za bluu za 23G zenye urefu wa mm 25, ambazo zinafaa kwa karibu wote, na chache za kijani za 21G zenye urefu wa mm 38 kwa watu wazima wanene.

Trei ya dharura tunayoipendekeza ina ampuli zisizopungua tatu za adrenalini, mabomba mawili ya 1 ml, sindano za aina hizo mbili, kanula, lita mbili za chumvi, inhela ya salbutamoli na speisa (chombo cha kuvutia dawa ya inhela), na kadi ya dozi iliyofungwa kwenye trei yenyewe. Ampuli zikae kwenye boksi lake mbali na mwanga, chini ya nyuzi 25, na zikaguliwe kila mwezi. Adrenalini iliyogeuka rangi ya waridi au kahawia imeharibika, hata kama tarehe haijafika. Na ufunguo: trei iliyofungiwa kabatini huku ufunguo uko na mfawidhi aliyekwenda kikaoni ni sawa na kutokuwa na trei.

Pungufu la pili linahusu muda wa kumweka mgonjwa. Mwongozo unatoa saa 2, 6 au 12 kufuatana na hatari. Wengi wanakariri zile saa 2 na kuwaruhusu watu. Ukisoma masharti yake, saa 2 ni za mgonjwa aliyepona kabisa kwa dozi moja iliyotolewa mapema, na ambaye tayari ana kalamu yake ya adrenalini na anajua kuitumia. Mgonjwa wa namna hiyo kwetu ni adimu mno. Kinyume chake, miongoni mwa sababu za saa 12 wametaja mgonjwa anayekaa mahali ambapo huduma ya dharura haifikiki kirahisi, na yule aliyekuja usiku wa manane. Wagonjwa wetu wengi wa vijijini wanaangukia hapo moja kwa moja.

WAO

Mwongozo wa WAO umechapishwa katika jarida lao la wazi, hauhitaji kulipia wala kujisajili. Ni mrefu zaidi na unasomeka kama makala ya kitaaluma. Thamani yake iko kwenye utambuzi. Umepunguza vigezo vya anafilaksia vikawa viwili. Cha kwanza ni ngozi au utando laini wa midomo na ulimi kuathirika ghafla, pamoja na shida ya upumuaji, presha kushuka, au dalili kali za tumbo. Cha pili ndicho chenye uzito kwetu: mtu aliyekutana na kitu kinachojulikana au kinachodhaniwa sana kumdhuru, akapata ghafla presha kushuka, au mapafu kubana, au koo kuathirika, ana anafilaksia hata kama ngozi yake haina kipele.

Picha za kufundishia mzio karibu zote zinaonyesha ngozi nyeupe iliyogeuka nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, na anayesubiri kuuona atachelewa. Pitisha vidole juu ya kifua na mgongo, uvimbe wa mzio unashikika hata usipoonekana. Tazama midomo, kope za ndani na ulimi. Muulize mgonjwa kama viganja na nyayo vinamwasha. Sikiliza sauti imebadilika au la. Katika sindano ya penisilini au ya madini ya chuma, presha inaweza kuanguka kabla ya dalili yoyote ya ngozi.

Kwenye dozi, WAO inahesabu kwa uzito: 0.01 mg kwa kilo, isizidi 0.5 mg kwa mtu mzima na 0.3 mg kwa mtoto, kurudia kila dakika 5 hadi 15. Kwa hiyo mtoto wa miaka 6 mwenye kilo 20 anapata 0.2 mg kwa WAO na 0.3 mg kwa mwongozo wa Uingereza. Zote mbili zinakubalika. Sisi tunapendelea kadi ya umri kwa kituo kidogo, maana saa nane usiku hakuna anayempandisha kwenye mizani mtoto anayekosa pumzi. Mwenye wodi ya watoto iliyojipanga anaweza kwenda kwa kilo. Jambo baya ni kituo kimoja kuwa na kadi zote mbili ukutani.

Kuna uvimbe mmoja unaoshabihiana na mzio ambao anayejifunza anapaswa kuutenga. Mgonjwa wa presha anayetumia kaptopril, enalapril au lisinopril anavimba ulimi na midomo, bila kuwashwa, bila vipele. Huo unatokana na kemikali ya mwili iitwayo bradikinini, si histamini ya mzio, na watu wenye asili ya Afrika wanaupata zaidi. Antihistamini na steroidi hazimsaidii. Linda njia ya hewa, simamisha dawa hiyo na usimrudishie yeye maishani. Kama huna hakika ni upi, mtibu kama anafilaksia.

Kwa kuumwa na nyoka itabidi utoke nje ya WAO, uende kwenye mwongozo wa WHO wa kuumwa na nyoka Afrika wa mwaka 2010. Antivenini, dawa ya kupambana na sumu ya nyoka, ni miongoni mwa dawa zinazosababisha anafilaksia mara nyingi, hivyo adrenalini ivutwe kwenye bomba kabla dripu ya antivenini haijaanza. Jaribio kubwa la Sri Lanka lililochapishwa mwaka 2011 lilionyesha kwamba dozi ndogo ya adrenalini iliyotangulia ilipunguza mizio mikali, na kwamba promethazini, ambayo ni antihistamini, na haidrokotisoni hazikuipunguza. Ni somo lile lile la "hydro na Piriton", kwa mlango mwingine.

GINA

GINA ilianzishwa mwaka 1993 na ripoti yake inasasishwa kila mwaka. Ripoti kamili inazidi kurasa 200. Usianze nayo, anza na toleo la mfukoni, kisha tumia ripoti kubwa kama kamusi. Kupakua kwa matumizi yako ni bure, ila kunakili na kusambaza kunahitaji idhini yao.

Mabadiliko ya msingi yalikuja mwaka 2019: GINA iliacha kupendekeza salbutamoli peke yake kwa watu wazima na vijana. Inhela ya bluu inafungua njia ya hewa lakini haigusi uvimbe ulio ndani, na anayeitegemea yuko katika hatari ya shambulio kubwa. Badala yake wanapendekeza inhela yenye budesonaidi na formoteroli, mikrogramu 200/6, pumzi moja kila dalili zinapokuja, zisizidi pumzi 12 kwa siku kwa mtu mzima.

Mhudumu wa Nachingwea au Kitui akisoma hapo anafunga ukurasa, kwa kuwa inhela hiyo haipo kituoni, na ikiwepo duka la dawa bei yake haishikiki. Asiufunge. Geuza hadi njia ya pili ya tiba, isiyotumia inhela hiyo, hatua ya kwanza: kila mgonjwa anapovuta salbutamoli, avute na steroidi ya kuvuta papo hapo. Hiyo inawezekana kwa inhela mbili, ya bluu na ile ya beklometasoni. Mfundishe azifunge pamoja kwa mpira wa noti ili asichukue moja akaacha nyingine. Ni sehemu yenye faida kubwa kuliko zote kwa nchi zetu, na kozi tulizoona zinaipitia kwa slaidi moja.

Kwa shambulio, maelekezo ni ya vitendo. Pumzi 4 hadi 10 za salbutamoli kwa speisa, kila dakika 20 kwa saa ya kwanza. Prednisoloni ya kumeza mapema, 40 hadi 50 mg kwa mtu mzima kwa siku 5 hadi 7. Kwa mtoto 1 hadi 2 mg kwa kilo, isizidi 40 mg, siku 3 hadi 5. Oksijeni ilengwe 93 hadi 95% kwa mtu mzima na 94 hadi 98% kwa mtoto. Asiyeweza kumaliza sentensi, anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, mwenye mapigo zaidi ya 120 au oksijeni chini ya 90%, hali yake ni kali. GINA haitaki aminofilini ya mshipa katika shambulio: faida yake ni ndogo na sumu yake iko karibu na dozi ya tiba. Vidonge na dawa ya maji ya salbutamoli navyo havipendekezwi, kwa sababu vinaleta mapigo na kutetemeka mikono kuliko nafuu. Vyote hivi bado vinaandikwa kila siku.

Speisa ndiyo kizuizi cha kweli. Hapa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walitufanyia kazi kubwa: mwaka 1999 walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya 500 ml, ikizibwa vizuri kwenye maungio, inapeleka dawa kama speisa ya dukani kwa watoto wenye pumu, wakati kikombe cha povu kilifanya vibaya. Chukua chupa ya maji ya nusu lita iliyo safi na kavu. Pinda waya uwe na umbo la mdomo wa inhela, uupashe moto, uukandamize kwenye kitako cha chupa hadi plastiki iyeyuke na kuacha tundu. Sukuma mdomo wa inhela uingie kwa kubana, kisha zungushia gundi, maana upenyo mdogo tu unapoteza dawa. Mgonjwa anaweka midomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi taratibu mara tano hadi sita, ndipo unabonyeza tena. Kubonyeza mara nne mfululizo halafu avute ni kosa la kila siku. Dawa inagandia kwenye kuta. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa, ili umeme tuli usinase chembe za dawa. Mtoto mdogo asiyeweza kushika shingo ya chupa kwa midomo anahitaji kinyago.

Ambayo hayamo, au yamo kwa ajili ya wengine

Vipimo kwanza. Katika sehemu zenye minyoo na kichocho, IgE ya jumla inapanda kwa wengi na haimaanishi mzio. Hata IgE maalumu inadanganya: watoto wa shule nchini Ghana wenye kichocho walikutwa na IgE ya karanga kwenye damu huku wakila karanga bila shida, kwa sababu kingamwili zao zilikuwa zinanasa sukari zinazofanana kati ya vimelea na karanga. Mgonjwa anayekuja na karatasi ya maabara binafsi yenye vyakula 40, nusu vikiwa na alama nyekundu, asinyimwe maziwa, mayai na samaki kwa karatasi hiyo. Na kipimo cha IgG ya vyakula, kingamwili ya aina nyingine, kisiagizwe kabisa. Jumuiya ya Ulaya ya mzio, EAACI, ilishasema mwaka 2008 kwamba IgG4 dhidi ya chakula ni alama ya kukila, si ya ugonjwa.

Penisilini. Mamilioni wameandikwa "ana mzio wa penisilini" kwenye kadi, na zaidi ya tisa katika kumi wakipimwa vizuri wanakutwa hawana. Kipimo cha PEN-FAST cha mwaka 2020 kinafaa kwetu kwa kuwa kinahitaji mdomo na kalamu tu: je, ilitokea katika miaka mitano iliyopita, alama 2; je, ilikuwa anafilaksia, uvimbe wa uso au ngozi kubabuka vibaya, alama 2; je, alihitaji matibabu, alama 1. Jumla ikiwa chini ya 3, hatari ni ndogo, na utafiti wa PALACE wa 2023 ulionyesha kwamba watu hao wanaweza kupewa dozi ya kumeza chini ya uangalizi bila kuanza na kipimo cha ngozi. Aliyewahi kubabuka ngozi na midomo, kwa Septrin, nevirapini au dawa nyingine yoyote, hajaribiwi tena dawa hiyo, iwe kwa dozi ndogo au kubwa. Ile desturi ya kuchoma tone la penisilini nzito chini ya ngozi ya mkono, "kumpima", haina maana: dawa nzito inachoma ngozi ya mtu yeyote, na jibu safi halimlindi mgonjwa. Kipimo halisi kinatumia benzailipenisilini ya yuniti 10,000 kwa ml pamoja na vitendanishi ambavyo hatuna.

Macho ya watoto yanastahili sura nzima na hayapati. Mzio mkali wa macho unaowasha mwaka mzima, wenye vinundu chini ya kope ya juu, ni wa kawaida Afrika Mashariki. Wazazi wananunua matone ya deksametasoni dukani kwa kuwa yanatuliza upesi, na mtoto anaishia na presha ya jicho au mtoto wa jicho. Kila mtoto anayetumia matone hayo kwa zaidi ya wiki chache apimwe presha ya jicho.

Upungufu wa kinga wa kuzaliwa nao ni pengo. Zile dalili kumi za tahadhari za Jeffrey Modell Foundation zinapatikana bure na zinabandikika ukutani: nimonia mbili au zaidi kwa mwaka, miezi miwili ya antibiotiki bila nafuu, majipu ya ndani yanayorudi, utando mweupe mdomoni usioisha, na nyinginezo. Kisichosemwa ni kwamba sisi tunachanja BCG, chanjo hai, siku za mwanzo za maisha. Mtoto asiye na kinga anaweza kuja na kidonda cha chanjo kisichopona, tezi za kwapa zinazotoa usaha, na hata BCG kusambaa mwilini. Baada ya kuondoa VVU, kipimo cha picha kamili ya damu kinaweza kukupa fununu. Usisome asilimia, zidisha: chembe nyeupe 9,000 zenye limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za kinga) 15% ni limfosaiti 1,350 kwa mikrolita. Kwa mtoto mchanga, chini ya 3,000 inatisha na inataka rufaa, wala asipewe chanjo hai nyingine hadi ieleweke.

Vyeti na pointi

Kusoma mwongozo hakukupi cheti. Kenya, ambako daktari anadaiwa pointi 50 za CPD (mafunzo endelevu) kwa mwaka na KMPDC, baraza la madaktari, na kwingineko kote, uliza baraza lako kama kozi ya nje inahesabika kabla ya kutoa dola. Angalia pia nani amefadhili: kozi ya mizio ya ngozi inayotumia nusu ya muda kwenye sindano za kibayolojia ambazo haziko nchini haikujengwa kwa ajili yako. Anayetaka kuzama zaidi, Colleges of Medicine of South Africa wana diploma ya mzio kwa madaktari wa kawaida, na African Society for Immunodeficiencies inashughulikia upungufu wa kinga.

Kwa kituo, njia rahisi ya kugeuza kurasa hizi kuwa kazi ni zoezi la dakika ishirini baada ya ripoti ya asubuhi. Tumieni ampuli zilizopita muda na chungwa badala ya paja. Mmoja apige kelele, "mtoto wa miaka minne, amechomwa seftriaksoni, anakoroma." Pimeni muda tangu kelele hadi sindano, kisha mwenzake asome kilichomo kwenye bomba. Jibu ni 0.15 ml. Kama limevutwa 0.5, au kama mtu ameshika haidrokotisoni, fanyeni tena wiki hiyo hiyo.